Kilichoinuka ni Bodi, Difu Iko Palepale

Masika ya mwaka juzi nilisaidia kuitoa Hilux iliyokwama kwenye njia ya ng'ombe, mahali ambapo matrekta yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Gari lenyewe lilipendeza: lilinyanyuliwa inchi mbili, lilikuwa na shokapu mpya za rangi, bampa ya chuma, na taa za kutosha kumulika uwanja wa mpira. Lakini lilikuwa limekaa kitako juu ya tuta, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure kama feni. Mwenyewe alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni. "Si nimelinyanyua inchi mbili?" Kijana mmoja aliyelala kifudifudi akichimba chini ya gari alijibu bila kuinua kichwa: "Umenyanyua bodi, mzee. Difu iko palepale."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu matairi makubwa na pikapu zilizonyanyuliwa, na bado sijaona mahali jambo hili liliposemwa kwa ufupi kuliko pale matopeni.

Ekseli ya nyuma ya Hilux ni bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imebebwa katikati yake. Springi zinakaa juu ya ekseli hiyo. Ukifunga springi zenye upinde mkubwa zaidi, kinachopanda ni chasisi na bodi. Ekseli haijui kama kuna kilichobadilika, maana yenyewe inabebwa na tairi tu. Mbele hali ni tofauti kidogo. Hilux za kuanzia 2005 zina mikono inayojitegemea kila upande, na difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo hupanda pamoja nayo. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile tulizozoea kuziita mkonga, zina ekseli nzima mbele na nyuma. Hizo unaweza kuzinyanyua mpaka ukahitaji ngazi ya kupandia, na difu zote mbili zikabaki umbali uleule kutoka ardhini.

Basi kuna mambo mawili ambayo dukani huuzwa kama kitu kimoja. Springi na shokapu hunyanyua tumbo la gari, hupunguza hatari ya bampa kugonga ukingo wa korongo, na hutoa nafasi chini ya madigadi. Tairi ndilo linalonyanyua difu. Anayeanza kwa kuuliza "ninyanyue inchi ngapi?" ameanzia mkiani. Swali la kwanza ni tairi lipi linafaa mzigo wangu na njia zangu. La pili ni tairi hilo linadai nafasi kiasi gani. Kunyanyua kunakuja la tatu, na mara nyingi jibu lake huwa dogo kuliko tulivyodhani.

Hesabu yenyewe inaandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua 265/65R17, saizi inayokuja na Hilux nyingi. Upana ni milimita 265. Ubavu, yaani kimo kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye kashata, ni asilimia 65 ya upana huo, karibu milimita 172. Rimu ni inchi 17, ambazo ni milimita 432. Jumlisha mbavu mbili na rimu, unapata kipenyo cha milimita 776. Sasa chukua 285/70R17, tairi ambalo mafundi huliita "thelathini na tatu" kwa sababu linakaribia inchi 33. Kipenyo chake ni milimita 831. Tofauti ni milimita 55, na inaonekana kubwa ukiyasimamisha matairi hayo mawili ukutani. Lakini difu inapanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Unalipia matairi manne, pengine na springi, unakata plastiki, unabadili tabia ya gari zima, na difu yako inapata milimita 27. Ni unene wa vidole viwili vyembamba.

Sisemi kwamba vidole viwili ni bure. Kwenye mifereji ya Serengeti upande wa magharibi, ambako udongo mweusi hushika kama gundi mvua ikinyesha, vidole viwili vinaweza kuwa tofauti ya kulala kambini na kulala garini. Nasema tu kwamba anayelipa ajue ananunua nini.

Na kuna anachopoteza. Tairi kubwa ni sawa na kumpa mwendesha baiskeli gia nzito bila kumwongezea miguu. Kutoka 776 hadi 831 ni ongezeko la asilimia 7, na asilimia hizo 7 hukatwa moja kwa moja kwenye nguvu inayofika ardhini. Difu yenye uwiano wa 4.10 itafanya kazi kana kwamba ni ya 3.83. Kwenye gari lenye turbo na nguvu ya ziada, utalalamika kidogo na kuzoea. Kwenye mkonga wenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, utaikumbuka kila unapopanda Kitonga na mzigo nyuma: gia ya nne inakataa, ya tatu inalia, na malori uliyoyapita bondeni yanakukuta. Dawa yake ipo, nayo ni kubadili krauni na pinioni ili kurudisha uwiano. Lakini lazima ubadili difu zote mbili kwa uwiano mmoja, la sivyo siku utakapoingiza gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike. Gharama hiyo haitajwi pale unapoonyeshwa tairi linalong'aa.

Spidomita nayo hudanganyika. Inahesabu mizunguko ya shafti, haipimi ardhi. Ikisoma 80, kwa tairi la inchi 33 unaenda karibu 86. Katikati ya kijiji chenye kibao cha 50, huku umetulia unaamini uko salama, tochi ya trafiki inaona 53. Kwa haki, niseme kwamba spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo tofauti ya asilimia 3 mara nyingi huishia kuziweka sawa. Ya 7 haimezwi. Na ile namba ya kilomita, ambayo wengi huitumia kuhesabu siku ya kubadili oili, nayo inabaki nyuma: ikisema 100,000, gari limekwenda 107,000.

Breki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Diski ni ileile, pedi ni zilezile, lakini zinashika gurudumu lenye kipenyo kikubwa na uzito zaidi. Tairi la kawaida la 265/65R17 lina kati ya kilo 15 na 18. Tairi la 285/70R17 la daraja zito, lenye mbavu ngumu za kazi, linakaribia kilo 25 kabla hujaliweka kwenye rimu. Uzito huo uko pembeni kabisa, mbali na kitovu, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuuzungusha na kuusimamisha. Na hauko juu ya springi bali chini yake, hivyo kila jiwe unaloligonga linapeleka pigo kubwa zaidi kwenye shokapu, beringi na boljointi. Ukiona pikapu ya namna hiyo inameza bushi kila baada ya miezi michache, usimlaumu aliyeuza bushi.

Kuna kasoro moja ya breki ambayo hata mafundi wazuri huisahau. Pikapu nyingi zina vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa fimbo, inayopima kama gari limebeba mzigo. Likiwa tupu, nyuma hupanda, na vali hupunguza breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Likiwa na mzigo, nyuma hushuka, na vali huachia breki zaidi. Nyanyua nyuma kwa springi mpya bila kuirekebisha fimbo ile, na gari litaamini liko tupu daima. Utabeba saruji mifuko 20 huku breki za nyuma zikifanya kazi ya gari lisilo na kitu. Fimbo hurekebishwa kwa spana na kipande cha bati, kazi ya nusu saa, lakini lazima mtu aikumbuke.

Kuhusu kunyanyua kwenyewe sitakaa sana. Kwa Hilux na ndugu zake wenye mikono inayojitegemea mbele, sentimita 5 ndizo ambazo gari huvumilia bila kelele. Ukizidi hapo, shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni husimama kwa pembe kali, buti za mpira hukatika, grisi humwagika, mchanga huingia, na mwezi mmoja baadaye unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Mkonga hauna tatizo hilo, una la kwake: ukinyanyua koili za mbele, ekseli huzunguka kidogo na kupoteza ule mwelekeo unaofanya usukani urudi wenyewe, kama uma wa baiskeli ukisimamishwa wima. Gari linaanza kutangatanga barabarani, na kwenye mwendo wa 100 dereva anashona nguo badala ya kuendesha. Zipo bushi maalumu za kurudisha mwelekeo huo. Mipira ya breki nayo iangaliwe kama inafika gurudumu likining'inia, na taa za mbele zishushwe, maana wanaokuja mbele yako hawajanyanyua macho.

Halafu kuna kupinduka. Mwaka 2007, na tena 2016, jarida la magari la Sweden liitwalo Teknikens Värld lilifanyia Hilux jaribio la kukwepa kitu cha ghafla barabarani, na mara zote mbili magurudumu ya upande mmoja yakaacha lami. Magari hayo hayakuwa yamenyanyuliwa hata sentimita moja. Mwenye kuongeza kimo kwa springi, akaongeza tena kwa tairi, kisha akafunga keria ya chuma juu ya paa na kuweka hapo tairi la akiba na madumu mawili ya dizeli, amejenga mnara. Mbuzi akikatiza ghafla pale Mkata, ajue uamuzi wake wa kukwepa umekwisha kufanyiwa hesabu gereji.

Tuje kwenye upana, ambako nadhani wengi hupotea. Macho hupenda tairi pana. Linajaza madigadi na kulipa gari mabega ya mnyanyua vyuma. Swali ni kama linasaidia.

Tairi hubebwa na upepo ulio ndani yake. Kwa makadirio, eneo linalokanyaga ardhi ni uzito ulio juu ya gurudumu ukiugawa kwa shinikizo la upepo. Tuseme kila gurudumu limebeba kilo 600, na umejaza PSI 35, ambazo ni karibu kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo la kukanyaga ni kama sentimita za mraba 240. Weka tairi pana zaidi kwa upepo uleule na eneo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo, linakuwa pana na fupi. Lakini shusha upepo hadi PSI 18 kwenye tairi lako la zamani, na eneo linakaribia kuwa maradufu, tena linarefuka kwenda mbele na nyuma kama unyayo wa ngamia. Kwa maneno mengine, geji ya upepo na mkono wa kufungua vali hukupa mchangani na matopeni zaidi ya unachopewa na duka la matairi kwa mamilioni. Madereva wa Oman wanaoingia mchanga wa Sharqiya wanalijua hili tangu ujana wao: kabla ya mchanga, kila mtu anashuka, panasikika pssss pande zote, ndipo wanaendelea. Huku kwetu nimeona gari lenye matairi ya bei ya shamba likichimbwa kwa koleo na PSI 40 ndani.

Hapa ndipo tairi refu lina haki yake ya kweli. Ubavu mrefu unaweza kushushwa upepo zaidi bila rimu kugonga mawe. Waislandi wamelifikisha jambo hili mwisho wake. Kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza huko mwaka 1990, huzifunga Hilux matairi ya inchi 38 na zaidi ambayo juu ya theluji hutembea na upepo usiofika PSI 5, yakielea badala ya kuzama. Magari yao ndiyo yaliyotumiwa na kipindi cha Top Gear mwaka 2007 kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini. Lakini tazama walichobadili ili kufika hapo: madigadi yamekatwa na kujengwa upya, uwiano wa difu umebadilishwa. Hawakuchomeka tairi na kuondoka.

Upande wetu wa dunia umekuwa na jibu lake kwa miongo mingi, nalo ni tairi jembamba na refu: 7.50R16. Lina kipenyo cha kama sentimita 80, rimu ndogo ya inchi 16, ubavu mrefu, na upana unaokaribia milimita 215 hivi. Kwenye tope laini lililolala juu ya ardhi ngumu, ambalo ndilo tope letu la kawaida, tairi jembamba hukata na kufika chini lishike. Tairi pana hupanda juu ya tope, likasukuma rundo mbele yake kama greda, na kuomba injini iendelee kusukuma. Kwenye mawe, jembamba lina sehemu ndogo ya kuchanwa, na ni jepesi kuzungusha. Ndiyo maana magari ya miradi, ya misioni na ya watalii yamelishikilia. Anayetaka saizi ya kisasa isiyo na tyubu, 235/85R16 inafanana nalo sana: kipenyo milimita 806, upana 235. Haina mvuto kwenye picha. Mchanga mlaini na mkavu ndipo tairi pana linapoanza kustahili bei yake, na hata huko upepo unakuja kwanza.

Kashata nazo zina siasa zake. Tairi la tope lenye meno makubwa huvuma barabarani kama mzinga wa nyuki, huisha haraka kwenye lami, na kwenye lami yenye maji hushika breki vibaya kuliko tairi la mchanganyiko. Pikapu nyingi ninazoziona na matairi ya tope hufanya asilimia kubwa ya safari zake kati ya nyumbani na ofisini. Kwa njia kama za kuelekea Loiyangalani, ambako mawe ya volkano yana makali ya kisu, kinachotafutwa si meno bali ubavu wenye nyuzi za ziada, na matairi ya mchanganyiko yenye ubavu wa namna hiyo yapo.

Rimu ina mtego wake. Fundi mwuzaji atakwambia, "Hii ni tundu sita, inaingia Hilux." Na ni kweli kwamba Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200 zote zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati ni jambo jingine. La Hilux ni milimita 106, la Ranger ni 93. Rimu ya Ranger haiingii kwenye kitovu cha Hilux mpaka ichongwe. Rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger, ila italegea katikati na kubebwa na nati peke yake, na hapo ndipo usukani unapoanza kutetemeka ikidhaniwa ni balansi. Mkonga wa tangu 1999 wenyewe una bolti tano kwenye duara la milimita 150, wakati ule wa zamani ulikuwa na sita. Watu wameshanunua rimu nne wakagundua nyumbani.

Kipimo kinachosahauliwa kabisa ni kile cha ofuseti, yaani uso wa kufungia bolti uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu ya kiwandani ya Hilux ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofuseti ya milimita 30 chanya. Rimu za urembo mara nyingi huja na upana wa inchi 8 na ofuseti ya sifuri. Piga hesabu: ukingo wa nje unatoka milimita 36 zaidi ya awali. Gari linasimama kwa maringo, ni kweli. Lakini usukani ukikatwa, tairi sasa linazunguka kwenye duara kubwa na kugonga plastiki na kona ya chasisi ambayo tairi hilohilo, kwenye rimu ya kiwandani, lisingeigusa. Beringi za mbele zinabeba uzito ulio mbali zaidi. Matope yanarushwa hadi kwenye vioo. Anayelalamika kwamba matairi yake ya inchi 33 yanasugua, mara nyingi kinachosugua ni ofuseti. Spesa zinazowekwa nyuma ya rimu zina matokeo hayohayo, na juu yake zinaongeza kitu kingine cha kulegea.

Rimu ya kiwandani ya inchi 7.5 inaruhusiwa kubeba 285/70R17. Ndiyo mwanzo wa upana unaokubalika kwa tairi hilo. Kwa hiyo wengi hawahitaji rimu mpya kabisa. Kwa 35x12.50R17 hairuhusiwi, inatakiwa angalau 8.5, na kwa hatua hiyo umeshaingia kwenye kukata chuma na kubadili difu, si mapambo tena. Na tafadhali, asiyeishi kwenye lami aachane na rimu za inchi 20. Kila inchi inayoongezwa kwenye rimu imenyang'anywa kwenye ubavu, na ubavu ndio mto unaolinda rimu isikutane na shimo. Rimu ya chuma ikipinda, fundi wa kijijini huinyoosha kwa nyundo kubwa na jiwe. Ya aloi ikipasuka, unasubiri basi.

Uzito wa kubeba umeandikwa kwa namba ndogo baada ya saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja; 121 ni kilo 1,450. Tairi jipya lisiwe chini ya lile la kiwandani, hata kama ni kubwa kwa macho. Tena matairi ya daraja zito huhitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo namba iliyobandikwa mlangoni mwa gari haitoshi tena. Kisha angalia herufi za DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi makubwa ya mtumba yana uzuri wa ajabu, kashata zimejaa tele, kwa sababu yalisimama chini ya gari la starehe miaka kumi juani. Mpira huzeeka hata usipotembea. Kwa tairi refu, juu ya gari refu, lenye mzigo, kupasuka kwa ubavu kwenye kilomita 100 si pancha.

Halafu jiulize utapata wapi la tano. Tairi la akiba lazima liwe saizi ileile, la sivyo siku ya pancha utaendesha magurudumu manne yasiyolingana, na mahali pake chini ya sehemu ya mizigo ya Hilux pana mipaka. La inchi 33 lipimwe kabla halijanunuliwa. Matairi ya inchi 16 ya familia ya 7.50 hayakosekani katika mji wowote wenye soko, kwa sababu Canter na Coaster nazo hula humohumo. Saizi ya 265/65R17 utaipata makao makuu ya mkoa. La inchi 35 litaagizwa Dar es Salaam au Nairobi, na wewe utakuwa Mpanda.

Sheria zetu hazijapambanua sana mambo haya, lakini Australia, nchi yenye pikapu nyingi zilizonyanyuliwa na njia ndefu mbaya kama zetu, mwongozo wake wa kitaifa unaweka kikomo cha kuongeza kipenyo kwa magari ya namna hii kuwa milimita 50. Yale 285/70R17 kwa Hilux yetu yanavuka kikomo hicho kwa milimita 5. Huku kwetu anayeweza kukuuliza ni kampuni ya bima, na atauliza siku mbaya. Waandikie mabadiliko mapema.

Mimi, kwa Hilux ya kazi inayokwenda lami siku tano na shamba siku mbili, nilichagua 265/70R17 ya mchanganyiko kwenye rimu zilezile za kiwandani. Kipenyo ni milimita 803. Difu imepanda milimita 13 tu, spidomita imekaribia ukweli, gia sijazisikia zikilalamika, na gari sijalinyanyua mbele zaidi ya kurudisha kimo kilicholiwa na bampa. Ningekuwa na mkonga wa kuingia Rukwa masika, ningebaki na jembamba la inchi 16 bila hata kufikiri. Yule wa kwenye tuta, siku ile, nilimwambia akitaka inchi 33 anunue: springi za kulibeba anazo tayari, mzigo wake si mkubwa, na difu yake imeshamweleza inachotaka. Ila abaki na rimu zake, na asilipe kabla ya kujaribu.

Alifuata hilo la mwisho. Fundi wake aliazima gurudumu moja la saizi ile kwa mteja mwingine, akalifunga mbele kushoto, akafungua koili ili gari lishuke hadi mwisho wa safari yake, akalipandisha gurudumu kwa jeki mpaka kwenye raba ya kikomo. Kisha akapaka chaki nyeupe pembe zote za tairi na kumwambia mwenyewe akate usukani, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara tatu. Waliposhusha na kumulika kwa tochi, chaki ilikuwa imebaki kwenye plastiki ya ndani, mstari wa urefu wa kidole, na kwenye chuma hapakuwa na kitu. Wakaikata plastiki.